Chumba cha Vyuma Si cha Vijana Peke Yao

Hapana shaka kwamba visiwa vyetu vimepiga hatua kubwa katika jambo la mazoezi ya viungo. Vikundi vya mazoezi vimeenea Unguja na Pemba, na kila tarehe 1 Januari wananchi na viongozi hutoka pamoja kuadhimisha Siku ya Mazoezi. Mzee haoni haya tena kuvaa raba na kupita mbele ya baraza ya wenzake. Hilo ni jema, na wote wanaolisimamia wanastahiki shukrani.

Hata hivyo, kazi iliyofanyika ni nusu. Mwongozo uliotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2020 unamtaka mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mazoezi ya wastani, kama vile kutembea kwa haraka. Juu ya hizo unamtaka afanye mazoezi ya kutia nguvu misuli siku 2 au zaidi katika kila wiki. Sehemu ya kwanza ya nasaha hiyo tumeipokea kwa ngoma na nderemo. Sehemu ya pili tumewaachia vijana wachache wanaopenda kutunisha vifua. Inatupasa tujiulize kwa nini imekuwa hivyo.

Wengi wakiulizwa watajibu kwamba hawana nafasi, au hawana fedha. Majibu hayo yana ukweli wake. Lakini ipo sababu nyengine ambayo watu huificha, nayo ni khofu. Mtu hufika mpaka mlangoni, akasikia vishindo vya vyuma, akaona vioo ukutani na vijana wenye mikono kama magogo, kisha akageuza njia kurudi nyumbani. Mwembamba hudhani atachekwa kwa wembamba wake, na mnene kwa kitambi chake. Mstaafu hajui chombo kipi hushikwa vipi, naye anaona aibu kumuuliza kijana wa umri wa mjukuu wake. Mama wa watoto anazo khofu hizo zote, na juu yake anafikiria sitara na heshima yake.

Khofu hii si upungufu wa akili, wala mwenye nayo hastahili kubezwa. Ni haya ya mgeni katika nyumba asiyoijua desturi zake. Lakini haya ikimzuia mtu kupata jambo ambalo mwili wake unalihitaji, basi imekwisha kuwa madhara.

Wahenga walisema macho hayana pazia, na ni kweli. Lakini macho ya watu hayatutazami sisi kwa kadiri tunavyodhani. Mwaka 2000 Thomas Gilovich wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, na wenzake walichapisha matokeo ya majaribio juu ya jambo hili. Mwanafunzi alivishwa fulana yenye picha ya mwimbaji, fulana ya kumtia haya, kisha akaingizwa katika chumba walimokaa wenzake. Wavaaji walikisia kwamba karibu nusu ya waliokuwamo wameitambua picha ile. Walioitambua hasa walikuwa kama robo tu. Ndivyo ilivyo katika chumba cha vyuma: aliye chini ya mzigo ana shughuli na pumzi zake, na aliye mbele ya kioo anajitazama mwenyewe.

Na chuma chenyewe tukiogope kwa lipi? Chuma cha mashindano ya kimataifa, kabla hakijatiwa visahani vya uzito, kina kilo 20 kwa wanaume na kilo 15 kwa wanawake. Lita moja ya maji ni kilo moja, na kwa hiyo ndoo ya lita 20 ikijaa ni kilo 20, bila ya kuhesabu ndoo yenyewe. Mwanamke wa kisiwani anayejitwisha ndoo hiyo amekwisha kuinua mzigo unaoushinda uzito wa chuma kitupu cha wanawake wenzake wa Olimpiki, ambao walianza kushindana katika mchezo huo Sydney mwaka 2000. Mkulima wa mwani anayelitoa gunia bichi pwani anaujua uzito. Mchukuzi wa bandarini anaujua pia.

Hatusemi kwamba kazi hizo zinatosha kuwa mazoezi. Kazi huulemea mwili upande mmoja, haimpimii mtu kwa kadiri ya nguvu zake, wala haimpi mapumziko anapoyahitaji. Tena wapo wengi miongoni mwetu, na hasa sisi tunaokaa juu ya viti vya ofisi tangu asubuhi mpaka saa za kufunga kazi, ambao hata ndoo hatuinui. Tunalolisema ni kwamba uzito si mgeni katika visiwa hivi. Kilicho kigeni ni chumba.

Faida iliyomo ndani ya chumba hicho si ya kupuuzwa. Misuli hupungua kadiri umri unavyosogea, na asiyeitumia huipoteza kwa haraka zaidi. Misuli hiyo ndiyo inayomwinua mzee kitini, inayomzuia asianguke ukumbini, na inayopokea sehemu kubwa ya sukari ya damuni baada ya mlo. Kwa hiyo mazoezi ya uzito ni msaada mkubwa kwa mwenye ugonjwa wa sukari na kwa anayetaka kujikinga nao. Wala umri si kizuizi. Mwaka 1990 Daktari Maria Fiatarone na wenzake, wa Boston, Marekani, walitoa habari za wazee 10 dhaifu wenye umri wa miaka 86 hadi 96, waliofanyishwa mazoezi ya miguu kwa uzito kwa muda wa wiki 8. Wale waliomaliza waliongeza nguvu za mapaja yao kwa wastani wa asilimia 174. Ikiwa mtu wa miaka 90 aliweza, wa miaka 45 ana udhuru gani?

Anayetaka kuanza na aanze kwa kidogo. Siku 2 kwa wiki zinamtosha, kwa sharti kwamba kati yake kuwe na siku ya kupumzika. Hana haja ya kujua vyombo vyote. Ajifunze mambo matano: kuchuchumaa na kusimama, kuinua kitu kutoka chini, kusukuma, kuvuta, na kubeba huku akitembea. Achague uzito anaoweza kuuinua mara 8 hadi 12 kwa mwendo wa taratibu, na asimame angali na nguvu za kuongeza mara mbili au tatu. Ukizoeleka, aongeze kidogo. Asizuie pumzi anapoinua, na hasa mwenye shindikizo la damu, kwani pumzi iliyozuiwa hulipandisha ghafla. Maumivu ya misuli ya siku moja au mbili baada ya mazoezi ni ya kawaida kwa anayeanza, lakini maumivu ya kifua, kizunguzungu au maumivu makali ya kiungo ni amri ya kuacha na kumwona daktari. Mwenye maradhi ya moyo, shindikizo au sukari amwone daktari kwanza.

Anayeona haya na aende katika saa ambazo watu ni wachache, afuatane na ndugu au rafiki, na amwambie mwalimu waziwazi kwamba ni siku yake ya kwanza. Asiye na chumba karibu ajaze dumu la lita 5 maji, au mfuko mchanga, aanzie uani kwake. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Lakini si haki kumbebesha mgeni mzigo wote. Mwenyeji naye ana wajibu wake. Wenye vyumba vya mazoezi wanapaswa kuweka vyuma vyepesi mahali pa kuonekana, na wasivifiche pembeni kama vitu vya aibu. Wamteue mtu wa kumpokea kila anayeingia kwa mara ya kwanza, amwonyeshe vyombo na desturi za mahali hapo. Na yeyote anayemcheka anayeanza, awe na kifua kipana kiasi gani, aonyeshwe mlango.

Kwa upande wa wakubwa wa Serikali, tunayo maombi manne, wala hayahitaji hazina kubwa. La kwanza, katika viwanja na kumbi za umma zenye vyombo vya mazoezi, zitengwe saa maalumu za wanawake, chini ya walimu wanawake. La pili, kumbi za skuli zifunguliwe jioni kwa ajili ya wananchi wa shehia, kwani mifuko ya mchanga na madumu ya maji yanatosha kwa kuanzia. La tatu, vituo vya afya vinapomshauri mgonjwa atembee, vimshauri pia juu ya kutia nguvu misuli, na vimwelekeze pa kwenda.

La nne ni jepesi kuliko yote, na pengine ndilo lenye nguvu zaidi. Viongozi wetu wametembea nasi barabarani, na watu wengi wameacha haya ya kutembea kwa sababu waliwaona wao. Basi na waingie katika vyumba vya vyuma pia, waonekane wakianza kama anavyoanza kila mtu, kwa chuma kitupu na kwa mwalimu kuwasahihisha mgongo. Mwananchi akimwona mkuu wa wilaya yake akifundishwa kuchuchumaa, atajua kwamba kutojua si aibu.

Sisi tunaamini kwamba nguvu za mwili si pambo la vijana, bali ni akiba ya kila mtu kwa siku za uzee wake, na akiba huwekwa mapema. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Atakayevumilia siku zake mbili za ugeni katika chumba cha vyuma, ya tatu atakuwa mwenyeji, na yeye ndiye tunayemtaraji amshike mkono mwengine anayesitasita mlangoni.