Mbegu Halisi za Miwa na Safari ya Aina Mpya

Mkulima hupanda miwa kwa pingili, na kila pingili hurithi tabia zote za mmea uliokatwa, udhaifu wake ukiwamo. Aina mpya huanzia kwenye mbegu halisi, itokanayo na ua lililochavushwa, kwani kila mbegu hubeba urithi wake wa kipekee.

Mbegu hizo hazipatikani kwa urahisi. Miwa huchanua kulingana na urefu wa mchana, na baridi ya usiku hudhoofisha chavua. Kwa sababu hiyo, watafiti wa Natal, Afrika Kusini, walipokea mbegu kutoka Coimbatore, India. Ndipo ilipopatikana NCo 376, aina iliyoenea hadi mashamba ya Kilombero nchini Tanzania, ingawa hushambuliwa na ugonjwa wa fugwe.

Siku hizi baadhi ya vituo vya utafiti hudhibiti mwanga na joto ndani ya nyumba maalumu, ili aina mbili zinazokusudiwa kuzalishwa pamoja zichanue kwa wakati mmoja. Kwa kuwa uteuzi wa aina mpya huweza kuchukua zaidi ya miaka 10, msimu mmoja usio na mbegu humchelewesha mkulima kupata miwa inayostahimili magonjwa.