Kuondoka Si Kuacha

Wilayani Palma, kaskazini ya pwani ya Cabo Delgado, husemwa Kimwani, Kimakwe na Kiswahili. Kireno ni lugha ya serikali, na Kiingereza kimeingia pamoja na kazi za gesi huko Afungi. Mwanafunzi wa Kiingereza na akiangalie kitenzi “leave”. Hicho kimoja hubeba maana ya kuondoka mahali, kuacha kitu na hata kubakiza chakula. Mji wa Palma uliposhambuliwa tarehe 24 Machi 2021, maelfu walikimbia kwa miguu na kwa mashua. Kiingereza husema “They left Palma”. Je, waliondoka, au waliuacha? Waliondoka, na wengi wamekwisha rudi. Mfasiri na achague kwa uangalifu, maana kiwanja kilichoachwa hudhaniwa hakina mwenyewe.