Je, Wajua? Utamu wa Kuku Huanza Kabla ya Viungo

Katika nyumba nyingi za Homa Bay na Migori, kuku wa kienyeji akishanyonyolewa hubabuliwa kwenye moto wa kuni. Malaika huungua, mafuta ya ngozi huanza kuyeyuka, harufu ya moshi hunata. Hata kitunguu saumu hakijaguswa!

Sasa chumvi. Mpake usiku, umweke kwenye friji hadi kesho. Chumvi huvuta maji nje, huyeyuka humo, kisha hupenya nyama polepole. Ndimu, pamoja na sifa zake zote, huishia karibu na ngozi.

Kabla ya kuchoma, mfute akauke: ngozi huiva rangi ya kahawia vizuri ikipita nyuzi 140 za Selsiasi, lakini maji huchemkia 100, hivyo ngozi yenye maji huchelewa kufika huko. Jogoo mzee? Mchemshe kwanza.