Udongo wa Lamu Wasimulia Habari za Wakulima wa Kale

Ikiwa wewe ni mkulima wa pwani, huenda siku moja ukichimba shimo la choo au kisima utakutana na vigae vya vyungu, makombe ya baharini na tabaka la udongo mweusi wenye majivu. Usivitupe upesi. Mahali hapo palikaliwa na watu, na udongo umetunza habari zao: walipanda nini, walikata miti gani, na pengine kwa nini waliondoka.

Wako wataalamu ambao kazi yao ni kusoma habari hizo. Hawatafuti hazina. Huuchunguza udongo wenyewe, ili wajue jinsi binadamu alivyoibadili nchi aliyoikaa.

Udongo husomwaje?

Kazi huanza kama ya mchimba kisima. Huchimba shimo lenye kuta zilizonyooka, kisha huparuza ukuta kwa mwiko mpaka tabaka zionekane moja juu ya nyingine. Tabaka la chini ndilo la kale zaidi, ila kama mtu au mnyama amekwisha kulivuruga. Mahali pasipofaa kuchimba, huzungusha chombo mfano wa keekee na kutoa udongo wa chini kidogo kidogo.

Udongo mwingine hutiwa katika ndoo ya maji. Mbegu zilizoungua huelea, zikaenguliwa na kukaushwa. Kwa njia hii ilijulikana kwamba huko Pemba, watu wa Tumbe katika karne za 7 hadi 10 walitegemea mawele, lakini watu wa Chwaka waliokuja baadaye, tangu karne ya 11, walishika zaidi mpunga.

Wataalamu hupima pia fosfati, ambayo hutoka katika mifupa, samadi na uchafu wa watu, nayo hukaa ardhini karne nyingi. Tena huchukua bonge la udongo lisilovurugwa, wakaligandisha kwa gundi, wakalikata jembamba kuliko karatasi na kulitazama kwa hadubini. Hapo huweza kutambua kama sakafu ilifagiliwa, kama mifugo ililala hapo, au kama moto ulikokwa. Majani ya nafaka na ya minazi nayo huacha vijiwe vidogo sana visivyooza. Kwa njia hizo zilichunguzwa sakafu za Songo Mnara, mji wa kale karibu na Kilwa, Tanzania.

Manda na Shanga

Kisiwani Manda, Bwana Neville Chittick alianza kuchimba mwaka 1966. Alikuta kuta kubwa ukingoni mwa maji, zilizojengwa kwa mapande ya matumbawe, mengine yenye uzito wa karibu tani moja. Nyuma ya kuta hizo watu walijaza mchanga na taka mpaka wakapata ardhi kavu mahali palipokuwa maji. Kazi hiyo ilifanywa zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, bila trekta wala saruji.

Huko Shanga, kisiwani Pate, Bwana Mark Horton alichimba kuanzia mwaka 1980 hadi 1988. Chini kabisa zilikuwako alama za nguzo za nyumba za miti na udongo, za karne ya 8. Juu yake yalifuata majengo ya matumbawe, na juu zaidi nyumba za mawe na chokaa. Misikiti ilijengwa mmoja juu ya mwingine, mahali pale pale. Kwa takataka, majivu na vifusi vya vizazi vingi, ardhi ya mji iliinuka. Kisha mwanzoni mwa karne ya 15 watu wakauhama.

Chokaa hiyo ilikuwa na gharama yake. Matumbawe huchomwa katika tanuu kwa kuni nyingi, na mikoko ndiyo iliyokuwa karibu. Boriti za mikoko nazo zilipelekwa Arabuni kwa majahazi kwa karne nyingi, mpaka Serikali ya Kenya ilipopiga marufuku kuziuza nje mwaka 1982. Zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya iko Lamu.

Fundisho la Takwa

Takwa, kisiwani Manda, ulikuwa mji wenye ukuta na msikiti mzuri. Ulihamwa katika karne ya 17, na sababu moja inayotajwa ni kwamba maji ya visima yaligeuka chumvi. Wenyeji husemwa walivuka maji wakaenda kukaa Shela.

Shela ina vilima vya mchanga. Mvua hupenya mchangani, na maji matamu hukaa juu ya maji ya bahari kwa kuwa ni mepesi. Kwa kila mita moja ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari, ziko kama mita 40 chini ya usawa huo. Basi maji yakivutwa kupita kiasi hata yakashuka mita moja, chumvi yaweza kupanda mita 40. Mji wa Lamu hunywa maji ya vilima hivyo. Anayechota mchanga huo ajue kwamba anajikatia maji.

Pori mlilofyeka

Katika karne ya 19 matajiri wa Lamu walikuwa na mashamba makubwa bara, ya nafaka, ufuta na pamba, yaliyolimwa na watumwa. Utumwa ulipokomeshwa mwaka 1907, mashamba mengi yalirudi pori. Wabajuni nao walilima bara kwa kuhamahama, wakiiacha ardhi ipumzike, mpaka vita vya Shifta vya miaka ya 1963 hadi 1967 vilipowafukuza wengi. Skimu ya Lake Kenyatta ilipoanza katika miaka ya 1970, wageni waliona msitu. Kumbe sehemu nyingine za bara hiyo zilikuwa zimekwisha kulimwa kwa jasho la watu wengine.

Mambo ya kushika

1. Wakulima wa zamani walikuwa na nafasi ya kuhama udongo ulipochoka. Wewe mwenye shamba lenye mipaka huna. Rudisha shambani samadi, majivu na mabua; usiyachome.

2. Kisima kilicho karibu na bahari kisichimbwe kirefu kupita lazima, wala kisivutwe kwa pampu mchana kutwa. Maji yakianza kukolea chumvi, punguza kuvuta mara moja.

3. Usikate mikoko ovyo. Mizizi yake ndiyo inayoshika ufuko.

4. Ukikuta vigae, kuta au makaburi ya kale, simamisha kazi mahali hapo. Kitu kilichong'olewa katika tabaka lake hupoteza sehemu kubwa ya habari zake. Peleka habari kwa Makumbusho, Lamu. Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Turathi ya mwaka 2006 yataka habari hiyo itolewe katika siku saba.

Sisi nasi kila msimu twaacha tabaka letu. Yafaa watakaolichimba wakute udongo mweusi wenye rutuba, wala wasikute mchanga mtupu na kisima cha chumvi.