Dozi ya Kila Siku na Huduma ya Mchungaji

Mwezi Februari 2011 Hospitali ya Taifa ya Muhimbili ilianza kuwatibu waraibu wa heroini kwa methadoni; kliniki za Mwananyamala na Temeke zilifuata. Methadoni ni dawa ya kunywa, itendayo kazi mwilini kwa muda wa siku nzima. Huondoa arosto, yaani mateso yampatayo mtu akosapo unga, nayo hutuliza hamu bila kumlevya mgonjwa aliyepewa kipimo sahihi. Kwa kawaida huinywa kliniki kila siku mbele ya mhudumu, mara nyingi kwa miaka.

Hapa ndipo wengi wetu tunapokwazwa. Husemwa kwamba mtu huyu amebadilisha ulevi kwa ulevi, na kwamba aliyeokoka kweli hana haja tena ya kikombe cha kliniki. Neno hilo ni la hatari. Aachaye dawa ghafla hurudiwa na arosto. Na akiisha kukaa bila dawa, mwili hupoteza mazoea yake, hata kipimo cha heroini alichokistahimili zamani chaweza kumzuia pumzi na kumwua. Sisi tufundishao Katekismo Ndogo ya mwaka 1529, isemayo kwamba Adamu wa kale huzamishwa kila siku, ni ajabu tukimdai mraibu apone kwa ibada moja.

Lakini jambo la kila siku lina gharama yake. Tumfikirie kijana wa kata ya Salale, katika delta ya Rufiji wilayani Kibiti, aliyeanza unga Dar es Salaam na sasa anatibiwa huko. Kutoka vijiji vya ndani ya mikoko hupandwa mashua hadi Nyamisati, kisha hushikwa barabara ndefu ya kwenda mjini. Hakuna awezaye kuifanya safari hiyo kila asubuhi. Basi kumhimiza arudi kwao akavue samaki, ushauri unaosikika kuwa mwema, ni kumtenga na dozi yake. Yafaa kwanza mchungaji aende naye kliniki, aulize kama dozi za kuchukua nyumbani zaruhusiwa kwake, au kama kupunguziwa taratibu kumefikiriwa. Ikiwa sivyo, usharika wa mjini umtafutie chumba na kazi karibu na kliniki, nao uwe jamaa yake.

Nyumbani nako wazazi waelezwe kwamba mwanao ni mgonjwa aliye katika matibabu, wala asiitwe teja. Wenyeji wengi wa delta ni Waislamu; mazungumzo hayo yafanywe pamoja na shekhe wa kijiji, kabla kijana hajakata tikiti ya kurudi.