Projekta yenye betri au yenye mwanga zaidi? Hesabu ya mwenye banda Sengerema

Mwenye banda la video anayetaka kuondokana na televisheni na kununua projekta ndogo ya kubebeka hukutana sokoni na mashine za aina mbili. Moja ina betri ndani yake lakini mwanga wake ni mdogo. Nyingine ina mwanga maradufu, lakini haiwaki bila umeme kutoka nje. Zote zimetengenezwa kwa matumizi ya nyumbani na zote hubebwa kwenye begi. Kwa mfanyabiashara wa mtaji mdogo, kukosea kuchagua kunaweza kumaliza akiba ya mwaka mzima.

Wengi huvutiwa na ile yenye betri, hasa wanaokumbuka adha ya kukatika umeme katikati ya mechi. Hata hivyo, hesabu ya biashara inaelekea upande mwingine. Umeme unaweza kuongezwa baada ya mashine kununuliwa, lakini mwanga hauongezwi.

Soko lenyewe

Sengerema si soko la kudharauliwa. Daraja la J.P. Magufuli kati ya Kigongo na Busisi, lililofunguliwa rasmi tarehe 19 Juni 2025, limeondoa foleni ya kivuko iliyokuwa ikila muda wa wafanyabiashara wanaofuata bidhaa Mwanza. Mwaka huo huo kampuni ya Perseus ilitangaza uamuzi wa kujenga mgodi wa dhahabu wa Nyanzaga, uliomo wilayani humo. Penye ujenzi wa mgodi pana vibarua na mafundi, na watu hao hutafuta mahali pa kutazama mpira jioni.

Soko la pili ni mialo ya ziwani. Wavuvi wa dagaa huvua kwa taa katika usiku wa giza, na mwezi unapokuwa mpevu wengi wao hupumzika, kwa kuwa mwanga wa mbalamwezi hupunguza nguvu ya taa zao. Siku hizo za mapumziko ndizo siku za banda la video. Mbalamwezi haiwezi kuharibu picha ya projekta, maana ni kama robo luksi tu, kiasi ambacho hakifiki hata asilimia moja ya mwanga wa projekta ndogo kwenye pazia.

Mashine mbili

Kwa mfano wa aina ya kwanza, tuchukue Nebula Capsule 3 ya kampuni ya Anker, iliyotengenezwa kwa umbo la kopo la soda. Kwa mujibu wa mtengenezaji, mwanga wake ni lumeni 200 za kipimo cha ANSI. Betri yake ni ya wati-saa 52, na huonyesha picha kwa saa 2 na nusu. Spika yake ni moja, ya wati 8.

Kwa aina ya pili, tuchukue XGIMI MoGo 2 Pro, iliyoingia sokoni mwaka 2023. Mtengenezaji anaitaja kuwa na lumeni 400 za kipimo cha ISO na spika mbili za wati 8 kila moja. Haina betri, na inahitaji chaja ya wati 65. XGIMI ilitoa toleo la MoGo 3 Pro mwaka 2024, hivyo anayeuziwa toleo la awali asione haya kuomba apunguziwe bei.

Vipimo vya ANSI na ISO si kitu kimoja, lakini hukaribiana, na pengo kati ya 200 na 400 ni kubwa mno kuweza kufutwa na tofauti hiyo. Katika ukali wa picha mashine hizi zinalingana: kila moja ina pikseli 1,920 kwa 1,080. Zote mbili zina tundu la HDMI la kuunganishia king'amuzi. Kwa hiyo ushindani umebaki katika mambo mawili, mwanga na umeme.

Mwanga kwenye pazia

Lumeni ni mwanga wote unaotoka kwenye mashine. Anachokiona mteja ni mwanga uliogawanywa kwenye eneo la pazia, nao hupimwa kwa luksi. Pazia la upana wa mita 2, kwa umbo la picha ya televisheni ya siku hizi, lina eneo la mita za mraba 2.25. Lumeni 200 zikigawanywa hapo zinatoa luksi 89, na lumeni 400 zinatoa luksi 178.

Majumba ya sinema hulenga mwangaza ambao, kwenye pazia jeupe la kawaida, ni sawa na luksi 150 hivi. Maana yake ni kwamba kwenye pazia la mita 2 mashine ya lumeni 400 inavuka kiwango cha sinema, wakati ile ya lumeni 200 inafikia zaidi kidogo ya nusu yake.

Pazia likipanuliwa hadi mita 3, eneo linafika mita za mraba 5 na ushee. Ile ya lumeni 400 inabaki na luksi 79, kiasi ambacho bado kinafaa katika banda lenye giza. Ile ya lumeni 200 inashuka hadi luksi 40. Hapo aliyekaa nyuma ataanza kuuliza matokeo kwa jirani yake, kwa kuwa tarakimu za pembeni hazisomeki.

Jambo la saa nalo lina uzito wake. Mechi ya Uingereza inayoanza saa 9 alasiri kwa saa za huko huanza saa 12 jioni hapa wakati wa baridi yao, na saa 11 jioni wakati wa kiangazi chao. Sengerema jua huzama karibu saa 1 jioni. Kwa hiyo mechi nyingi za Jumamosi huanza kungali mchana, na hapo hakuna mashine kati ya hizi mbili inayofaa uwanjani. Banda lazima liwe na giza, na matundu ya mabati yawe yamezibwa. Anayetegemea mechi za mchana pekee abaki na televisheni yake. Mechi za Ligi ya Mabingwa zinazoanza saa 4 au saa 5 usiku ndizo zinazoweza kuonyeshwa nje.

Umeme

Betri ya saa 2 na nusu inatosha mechi moja ya kawaida, ambayo pamoja na mapumziko na dakika za nyongeza huchukua karibu saa 2. Haitoshi mechi mbili mfululizo. Mechi ya mtoano ikienda dakika 120 na kisha penalti, muda unazidi saa 2 na nusu, na mashine inaweza kuzima wakati mpigaji anaweka mpira chini. Wateja waliolipa kiingilio hawatakubali maelezo ya aina yoyote.

Aidha, betri ya projekta haimlishi king'amuzi wala spika ya nje. Umeme ukikatika, mwenye banda atabaki na mashine inayowaka isiyo na cha kuonyesha, isipokuwa kama filamu imo kwenye flashi. Kwa hiyo hata mnunuzi wa Capsule atahitaji chanzo kingine cha umeme akitaka kuonyesha mpira. Hapo ndipo faida ya betri ya ndani inapopungua sana.

Tuangalie chanzo hicho. Betri ya sola ya volti 12 na ampea-saa 100 ina wati-saa 1,200. Ikiwa ni ya asidi, haifai kutumiwa zaidi ya nusu, yaani wati-saa 600. Inveta ikila kama asilimia 15, zinabaki 510. Projekta ya wati 65, king'amuzi cha wati 15 na spika ya wati 30 vinakula jumla ya wati 110. Betri hiyo itaviendesha kwa zaidi ya saa 4 na nusu, muda wa kutosha mechi mbili. Mchana inaweza pia kuchaji simu za wateja kwa malipo, kazi ambayo betri iliyofungwa ndani ya projekta haifanyi.

Mtaji unarudi lini?

Tarakimu zifuatazo ni za mfano, na kila msomaji aweke zake. Tuseme projekta ni shilingi 1,500,000, spika na pazia shilingi 300,000, jumla 1,800,000. Kiingilio ni shilingi 500, maonyesho ni matatu kwa wiki, na gharama za kila onyesho, zikiwemo king'amuzi, msaidizi na vibali, ni shilingi 6,000.

Kwa pazia dogo linaloridhisha watu 30, pato ni shilingi 15,000 kwa onyesho. Ukiondoa gharama zinabaki 9,000, sawa na 27,000 kwa wiki. Mtaji utarudi baada ya wiki 67. Hiyo ni zaidi ya mwaka, na dhamana ya miezi 12 itakuwa imekwisha kabla mashine haijajilipa.

Kwa pazia kubwa linaloridhisha watu 50, pato ni 25,000 na baki ni 19,000, sawa na 57,000 kwa wiki. Hata mnunuzi akiongeza shilingi 500,000 za betri ya sola na inveta ili mtaji ufike 2,300,000, atakuwa ameurudisha ndani ya wiki 41. Viti 20 vilivyoongezeka vimelipia betri na kubakiza faida.

Upande wa Capsule una haki yake pia. Kwa mtu anayehama kwa mtumbwi kutoka mwalo hadi mwalo, akionyesha filamu moja kutoka kwenye flashi kwa watu wachache, wepesi wa mashine isiyohitaji waya ni faida ya kweli. Hali kadhalika kwa familia inayotaka filamu sebuleni.

Tahadhari ya bei rahisi

Kuna kundi la tatu, la mashine za bei ya chini kabisa kama HY300, ambazo hutangazwa kwa maneno "4K". Picha halisi ya HY300 ni pikseli 1,280 kwa 720, yaani takriban 920,000, wakati picha kamili ya 4K ina pikseli zaidi ya milioni 8. Neno hilo lina maana kwamba mashine inapokea picha ya 4K na kuipunguza, si kwamba inaionyesha. Lumeni nazo hutiwa chumvi. Epson, mtengenezaji mkubwa wa projekta, imewahi kuwashtaki wauzaji kadhaa nchini Marekani kwa kutangaza mwanga usiokuwepo. Tarakimu ya lumeni isiyotaja kipimo cha ANSI au ISO isitumiwe katika hesabu yoyote.

Kabla ya kulipa

Mnunuzi aombe mashine iwashwe mahali penye giza, mbele ya pazia la mita 2 alilolipima mwenyewe. Aonyeshwe mpira, si picha za maua, kwa kuwa mpira hufichua picha inayokokota. Aangalie kama pembe nne za picha ni kali kama katikati. Aunganishe king'amuzi chake mwenyewe. Kama mashine ina betri, aichomoe kwenye umeme na atazame kama mwanga unapungua, kwani baadhi ya projekta hufanya hivyo. Feni nayo isikilizwe, kisha iulizwe jinsi ya kuisafisha, maana wadudu wa ziwani hufuata taa na vumbi la Sengerema si haba.

Adai risiti ya EFD na dhamana iliyoandikwa. Bila karatasi hizo, Tume ya Ushindani haitakuwa na pa kuanzia iwapo bidhaa itakuwa bandia. Akumbuke pia kwamba kifurushi cha king'amuzi cha nyumbani si kibali cha kutoza kiingilio, na filamu za hadharani zinahitaji kibali cha Bodi ya Filamu na haki za wasanii.

Kwa mwenye banda aliye mjini Sengerema au kwenye mwalo wenye sola, mashine ya lumeni 400 ndiyo inayofaa, na fedha za betri zitengwe mapema. Anayekusudia pazia la mita 3 na wateja 50 asinunue lumeni 200 kwa kuvutiwa na betri.