Binti, aibu hiyo si yako kuibeba

Msimu wa ukeketaji unapofika Desemba, mabinti wa Tarime na Serengeti hukimbilia vituo kama Masanga na Nyumba Salama ya Mugumu. Wengine hawawahi kukimbia. Wote wanaweza kubaki na kidonda kisichoonekana: kujilaumu.

Aliyekimbia hujiambia, "Nimewaaibisha wazazi." Aliyekeketwa hujiambia, "Ningekimbia mapema." Asiyekeketwa huitwa msagane, naye huanza kuamini kuwa ana kasoro. Usingizi hupotea, tumbo huuma bila sababu, masomo hushuka.

Ipo tiba ya mazungumzo, iliyoasisiwa na Mmarekani Steven Hayes, inayomfundisha mgonjwa kuyapa nafasi mawazo yanayoumiza badala ya kupigana nayo, kisha kufanya yale anayoyathamini. Lakini binti anayejichukia akiambiwa "kubali", anaweza kusikia "nyamaza". Sivyo. Unakubali kwamba unaumia, hukubali ulichofanyiwa. Kumkeketa binti aliye chini ya miaka 18 ni kosa la jinai tangu sheria ya mwaka 1998.

Ndiyo maana tiba hiyo huhitaji kuongezewa huruma kwa nafsi, njia iliyoendelezwa na Paul Gilbert wa Uingereza. Ukijisuta, mwili hushtuka kana kwamba kuna adui mlangoni. Ukijisemesha kwa upole, hutulia.

Jaribu hivi:

1. Weka mkono kifuani. Vuta pumzi taratibu, itoe taratibu zaidi.

2. Litaje wazo: "Nina wazo kwamba nimewaaibisha wazazi." Ni wazo, si hukumu.

3. Mdogo wako angekuletea jambo hili, ungemwambia nini? Jiambie hivyo hivyo.

4. Chagua hatua moja ya leo: kufungua daftari, au kuzungumza na mtu unayemwamini.

Kumbukumbu zikikuzidi, acha zoezi. Fumbua macho, utaje vitu vitano unavyoviona.

Mzazi au mlezi, usimuulize, "Kwa nini hukusema?" Mwambie, "Si kosa lako, na bado wewe ni mwanangu." Maneno hayo ni mwanzo wa tiba.

Akitokwa na damu, akipata homa, akishindwa kukojoa au akizungumzia kujiua, mpeleke hospitali mara moja. Akiwa hatarini kukeketwa, piga 116, namba ya huduma kwa mtoto, bila malipo, au nenda dawati la jinsia na watoto polisi.